Hatua Kumi na Nane za Ukingo

Sauti niliyoisikia asubuhi ile ilikuwa kama ya kitu kinachopumua. Ilivuta, ikatoa, ikavuta, ikatoa, kwa vipindi vilivyolingana, kutoka mahali fulani chini ya vilele vya miti. Nilikuwa nimesimama katika shamba la mikorosho lililo juu ya bonde, mfuko wa vifaa begani, nikajiambia kwamba ni hondohondo. Mabawa ya ndege yule anapopita juu ya msitu hutoa mvumo wa namna hiyo, na asiyemzoea hudhani kuna mnyama mkubwa anayehema angani. Lakini hondohondo hupita. Sauti ile haikupita. Nikatazama saa, kwa mazoea tu, nikaanza kuhesabu mivuto yake. Kisha ikanyamaza, pakasikika mgongo wa shoka ukigonga kabari mara tatu, na kule kupumua kukaanza upya.

Ulikuwa msumeno wa watu wawili. Ulikuwa ndani ya bonde, ambamo kwa kumbukumbu za watu wote niliopata kuwahoji hapakuwahi kuingia msumeno. Hata hivyo, si kuwapo kwa msumeno kulikonitisha zaidi. Kilichonitisha ni kwamba, kabla sijapiga hatua hata moja, nilikwisha kujua wenye msumeno wameingilia wapi.

Bonde lenyewe ni lazima nilieleze, kwa kuwa wengi wa watu wa pwani yetu, hata waliozaliwa Lindi mjini kama mimi, hawajaliona. Liko nyuma ya Rutamba, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka barabarani, ukipita mashamba ya ufuta na mtama, kisha mihogo, kisha mikorosho. Si kubwa. Mtu angeweza kulivuka kwa urefu kabla chungu cha kunde hakijaiva. Lakini wakati wa kiangazi, ardhi yote inayolizunguka inapokauka na majani yakawa na rangi ya gunia, bonde hubaki bichi na lenye kivuli kizito, likinyweshwa na chemchemi isiyokatika, mithili ya kisiwa kilichosahauliwa nchi kavu. Serikali ilikuwa imelitenga tangu zamani. Katika miaka ile ya mwanzo wa soko huria, wakati maduka ya Lindi ambayo utotoni mwangu yalikuwa na rafu tupu yalipojaa ghafla vitambaa, redio na vyombo vya plastiki, palikuwa na mazungumzo ya kuligeuza bonde kuwa hifadhi ndogo ya kutembelewa, yenye kibao, njia ya wageni na banda la kupumzikia. Utafiti wangu wa shahada ya pili ulikuwa sehemu ya maandalizi hayo. Nilitakiwa kupima miti, kutambua aina zake, na kueleza ni kitu gani hasa mgeni angeletwa kukiona.

Mara ya kwanza niliingizwa na mlinzi wa msitu. Alikuwa Mwera, mtu mzima aliyekaribia uzee, mtumishi wa serikali kwa zaidi ya miaka ishirini, mwenye shati la kazi lililofuliwa hadi likasahau rangi yake. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba, nikamwuliza njia ya kuingilia iko wapi. Akanitazama kama niliyemwuliza mlango wa bahari.

Hapakuwa na njia. Nilielezwa hivyo na sikuelewa, nikaelezwa tena. Watu wa vijiji vile waliingia bondeni kuchimba dawa, kuteka maji ya chemchemi nyakati za ukame na kuzuru makaburi ya kale yaliyomo, lakini hakuna aliyeingia mara mbili kupitia mahali pamoja katika msimu mmoja. Ukingoni panga halikutumiwa. Uliyasukuma matawi kwa kiwiko, ukapita, ukayaacha yarudi. Na ulipotoka, uligeuka na kuyainua kwa fimbo majani uliyoyakanyaga, moja moja, mpaka pafanane na pasipokanyagwa. Kwa hiyo, kwa mtu aliyesimama shambani, ukingo ulikuwa ukuta. Waliotafuta magogo walipita kando yake miaka nenda rudi, wakaona vichaka na miiba, wakaenda zao.

"Msitu hauna mlango," mlinzi aliniambia. "Ukiutengenezea mlango, umewakaribisha na usiowajua."

Tuliingia kwa viwiko. Hatua za mwanzo nilikwaruzwa mikono na shingo, kisha miiba ikaisha ghafla na tukawa ndani, na ubaridi ukanigusa usoni kama kitambaa kilicholoweshwa. Mikangazi ilisimama imenyooka, mashina yake manene kuliko vyumba vya kupangisha nilivyowahi kuishi Dar es Salaam. Chini yake mwanga ulifika kidogo kidogo. Sange mmoja, mwenye pua ndefu, alikuwa akipekua majani makavu kwa bidii ya karani, akatuona, akatoweka. Mbega walituangalia kutoka juu bila kuhama. Nilisikia maji kabla ya kuyaona, na nilipoyaona nilipiga magoti nikanywa kwa viganja, jambo ambalo katika kazi zangu zote za uwandani sijalifanya kabla wala baada. Nilikuwa na furaha safi siku ile. Nailinda kumbukumbu yake, kwa kuwa ni siku pekee ninayoweza kuikumbuka bondeni bila kujitazama kwa jicho baya.

Nilipoanza kupima, mlinzi alinifanyia utani. Alikaa juu ya mzizi, akanitazama nikizungusha utepe kwenye shina na kuandika, akasema kwamba mti ule mwaka jana ulikuwa hapo hapo na mwakani utakuwa hapo hapo, sasa mimi nilikuwa naupima ili nimpelekee nani nguo. Nilicheka. Lakini nilikuwa na tatizo ambalo si la kuchekesha. Vipimo vyangu vilihitaji mkuza, yaani mstari mwembamba uliofyekwa na kunyooshwa kwa dira na kamba, ambao pembeni yake ningepanga viwanja vyangu vya kuhesabia miti. Katika pendekezo langu la utafiti nilikuwa nimeandika kwamba hakuna uoto wowote utakaokatwa, na kwamba nitatumia njia zilizopo. Msimamizi wangu alikuwa ametia saini chini ya sentensi hiyo, na kibali kilitolewa kwa sababu yake. Niliiandika kabla sijaliona bonde. Nilipoliona na kutambua kwamba hapakuwa na njia hata moja, ilinipasa kuandika barua Dar es Salaam na kusema hivyo. Sikuandika. Nilihofia kwamba kibali kingesitishwa na msimu wangu ungepotea.

Badala yake nilimweleza mlinzi. Alifikiri siku mbili, akaenda kwa wazee wa kijiji, akaniombea. Niliambiwa baadaye kwamba walikataa mara ya kwanza, na kwamba yeye alirudi akawaambia kuwa mimi ni mgeni wake na yeye ndiye atakayejibu. Wakakubali kwa sharti moja. Mkuza ungekuwa ndani tu, ukingo usingeguswa. Mlinzi mwenyewe aliupima kwa miguu yake, kutoka shambani hadi pale miiba inapokoma, akapata hatua kumi na nane. Aliniambia nambari hiyo mara mbili. Niliiandika.

Wafyekaji walikuwa wawili, wakulima wa pale pale. Tulifanya kazi wiki tatu, na mkuza ukawa mzuri. Lakini kigingi changu cha mwanzo, ambacho mahesabu yote yalianzia, nilikuwa nimekikita shambani, nje ya ukingo, kwa kuwa huko ndiko nilikoweza kupata alama ya kuaminika kwenye ramani. Kila nilipojaribu kuunganisha kigingi kile na nguzo ya kwanza ya mkuza kule ndani, vichaka viliziba, dira ikanipa jibu jipya. Hitilafu ilikuwa ndogo. Mtafiti mwingine angeiandika kwenye tanbihi na kulala usingizi. Mimi sikuweza kuiacha.

Katika siku za mwisho mlinzi aliitwa kwenye msiba wa ndugu yake katika kijiji cha mbali. Aliniaga, akaniusia nisisahau kunywa maji. Asubuhi iliyofuata niliwaambia wafyekaji tuunganishe mstari hadi kwenye kigingi. Mmoja wao alisita.

"Dada, mzee alisema huku pasiguswe."

Nikamjibu kwamba nitazungumza naye mwenyewe. Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwenye barua ya chuo mfukoni, na alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka isiyopungua kumi. Akainama akafyeka. Ilikuwa kazi ya nusu saa. Nilisimama kwenye kigingi, nikatazama, na kwa mara ya kwanza niliiona nguzo ya kwanza, na ya pili nyuma yake, na ya tatu, zote zimepangana katika mstari mmoja kwa usahihi kamili hadi ndani kabisa ya giza la kijani. Niliridhika. Hilo nalo ni lazima nilikiri: niliridhika. Siku mbili baadaye nilipata gari la kwenda Lindi, mvua zilikuwa zinakaribia, mlinzi hakuwa amerejea. Sikumwachia hata ujumbe kwa mkewe.

Niliporudi baada ya mvua kupima upya, ndipo niliposikia msumeno.

Nilishuka. Mahali pa kuingilia hapakuhitaji kutafutwa. Hatua zangu kumi na nane zilikuwa zimepanuliwa hadi upana wa watu wawili wabebao ubao, na udongo ulikuwa umekanyagwa ukawa mgumu. Nilitembea juu ya mkuza wangu mwenyewe, ulionyooka, hadi kwenye uwazi ambao haukuwapo, ambamo jua lilikuwa likimwagika kama kwenye nyumba iliyoezuliwa. Gogo la mkangazi lilikuwa limelazwa juu ya shimo. Mtu mmoja juu yake, mwingine chini shimoni, amejifunga kitambaa kichwani dhidi ya unga wa mbao. Nilihesabu visiki. Vilikuwa saba. Kando ya kimoja nilikuta kibati cha namba nilichokuwa nimekipigilia kwenye mti huo kimebanduliwa na kuwekwa vizuri juu ya jiwe, kama kitu cha mtu ambacho mwenyewe angekuja kukichukua.

Kiongozi wao alinikaribisha kwa adabu. Alikuwa na kibali, akanionyesha. Kilihusu miti ya ardhi ya kawaida, nje ya msitu uliotengwa. Nilipomwambia hivyo alishangaa kwa dhati. Alisema walikuwa wakitafuta miti mwezi mzima, wakapita juu kule shambani, wakaona njia.

"Na si njia ya kienyeji," alisema. "Imenyooka. Mwanakijiji hanyooshi njia kwa kamba, dada. Tukajua serikali yenyewe imeshafungua."

Mlinzi hakuwapo. Alikuwa amekwenda mjini kwa miguu na kwa kudandia malori kutoa taarifa, na mchana ule ule akarejea amepakiwa nyuma ya pikipiki ya bwana misitu. Huyu alikuwa kijana mno kwa cheo chake, mchovu, mwenye jalada lililofungwa kwa kamba. Aliwasimamisha wapasuaji, akakagua visiki, akapanda pamoja nasi hadi ukingoni. Hapo akafungua jalada na kumwuliza mlinzi swali lililokuwa la haki kabisa: hii njia ameifungua nani?

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, daftari mkononi.

"Niliifungua mimi," mlinzi alisema.

Bwana misitu akamwuliza kama anaelewa anachokisema. Akajibu kwamba anaelewa. Akaulizwa kama kuna mtu aliyemtuma au aliyemlaghai, akajibu kwamba eneo ni lake na njia imepita kwenye eneo lake. Hakunitazama. Bwana misitu aliandika, akamsomea, mlinzi akatia saini kwa herufi kubwa zilizoachana. Kisha bwana misitu, kwa sauti ya kumsikitikia, akamkumbusha kile ambacho kila mtumishi wa umma alikijua mwaka ule: kwamba watumishi wanapunguzwa, kwamba orodha inaandaliwa, na kwamba mwenye barua ya makosa ndiye huanza kuondolewa. Kwa bahati mbaya, alisema, jalada la wilaya lingesafirishwa makao makuu Ijumaa.

Ningeweza kusema neno wakati wowote. Nimepiga hesabu ya nafasi nilizokuwa nazo: kabla ya saini, baada ya saini, alipokuwa akifunga kamba ya jalada, alipokuwa akihangaika kuwasha pikipiki iliyokataa kuwaka. Badala ya kusema, nilikuwa nikichambua. Nilijiuliza iwapo kufyeka na kukata miti ni kosa moja au makosa mawili. Nilijiuliza iwapo wapasuaji wasingefika bondeni hata hivyo, msimu huu au ujao, maana biashara ya mbao ilikuwa imefunguka na kila kilima kilikuwa kinapekuliwa. Nilijiuliza kama ushahidi wangu ungemwokoa mlinzi au ungetuangusha sote wawili, kwa kuwa ni kweli aliuruhusu ule mkuza wa ndani. Yote hayo yalikuwa maswali yenye maana, na niliyatumia yote kama mtu anavyotumia mwamvuli. Pikipiki ikawaka.

Tulipopita kijijini kuelekea kwake, vijana waliokuwa wamekaa mbele ya duka walimwamkia, na mmoja akamtania kwa sauti ya kutosha kusikika na wote.

"Mzee, mbao zote zile, hata kiti cha wageni huna?"

Wengine wakacheka. Mlinzi naye alicheka kidogo, akawajibu kwamba kiti kinachongwa, wasubiri. Lakini niliiona shingo yake. Kwa miaka zaidi ya ishirini alikuwa mtu ambaye mashamba yote ya ule upande yalimtaja anapotakiwa mtu wa kutunza amana, na kwa mchana mmoja alikuwa amegeuka mtu aliyeuza bonde.

Nyumbani kwake mkewe alitupakulia ming'oko, mizizi ya mwituni ya kule, iliyochemshwa na chumvi. Tulipokuwa tukimenya, nilianza kuomba radhi. Nilijiandaa vema, nikaeleza kigingi, dira, hitilafu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba alipokuwa akiniombea kwa wazee hakusema atajibu kwa sehemu aliyoiona tu, alisema atajibu. Mguu wa mgeni, alisema, ni mguu wa mwenyeji. Nilikuwa nimefyeka nikiwa mgeni wake, kwa hiyo alikuwa amefyeka yeye, na alichomwambia bwana misitu hakikuwa uongo hata kidogo. Aliyasema bila uchungu na bila kujitukuza, kama mtu anayeeleza mipaka ya shamba. Halafu akatoka kwenda kuvuta vichaka vya miiba azibe pale palipobaki wazi. Alikuwa akifanya hivyo, niligundua, tangu aliporudi kutoka kwenye ule msiba: alikuwa amechomeka matawi, mvua ikayaozesha, akachomeka mengine, hadi homa ilipomlaza siku kumi, na katika siku hizo kumi wapasuaji wakapita.

Mkewe alibaki nami. Hakuwa mwanamke wa maneno mengi. Alikusanya maganda kwenye ungo, akautazama mfuko wangu.

"Mwanangu," alisema, "nimekuona tangu ulipofika. Wewe unaandika kila kitu. Unaandika mti, unaandika mvua, kuku akipita unaandika. Siku ile mzee yuko msibani, mlipofyeka pale, hilo nalo uliliandika?"

Nilimwambia kwamba nadhani niliandika.

"Tazama."

Nilitoa daftari nikatafuta tarehe. Ukurasa ulikuwa umejaa. Hali ya hewa ilikuwapo, saa ya kuanza na ya kumaliza kazi, pembe ya dira kwa usahihi wa nusu nyuzi. Palikuwa na sentensi isemayo kwamba kigingi cha mwanzo kimeunganishwa na nguzo ya kwanza. Haikusema kimeunganishwaje. Haikumtaja aliyefyeka wala aliyeamuru. Nilikuwa nimeiandika ili ionekane kwamba vichaka vilisogea vyenyewe. Nilimsomea vile vile ilivyo, kwa kuwa nilishindwa kubuni kitu kingine. Mama yule akatikisa kichwa polepole, akanyanyuka na ungo wake, akaenda kuwatupia kuku maganda. Hakurudia kulizungumza jambo hilo, na alipoagana nami kesho yake alinifungia korosho kwenye karatasi.

Nilifika Lindi Jumatano mchana, nikafikia kwa shangazi yangu. Alhamisi asubuhi nilikwenda ofisini kwa bwana misitu. Natamani ningeweza kuandika kwamba nilikwenda kukiri. Nilikwenda kuuliza swali la kudhania. Nilimwuliza, tuseme ikabainika kwamba sehemu fulani ya njia ilifunguliwa na mtu mwingine, bila ridhaa ya mlinzi, kwa malengo tofauti kabisa na yale ya wapasuaji, je, utaratibu ungekuwaje. Alinisikiliza akiwa amejishika shavu.

"Dada, hapa si darasani," alisema. "Ni wewe, sivyo?"

Nilisema ndiyo. Ilikuwa sauti ndogo kiasi kwamba alinitaka nirudie. Niliporudia, hakukasirika. Alinionyesha jalada mezani, limekwisha kufungwa, akanieleza shida yake. Alikuwa na maungamo ya mtumishi yenye saini. Alikuwa pia na nakala ya kibali changu, yenye saini ya msimamizi wangu, isemayo kwamba hakuna kitakachokatwa. Neno la mwanafunzi peke yake, dhidi ya karatasi mbili, wakubwa wangelichukulia kuwa huruma ya binti kwa mzee aliyempa chakula. Lakini chuo kikiandika kwamba pendekezo halikufuatwa na kwamba mtafiti ndiye aliyefyeka ukingo, na yeye bwana misitu akaipata barua hiyo, hata kwa simu ya maandishi, kabla ya gari la Ijumaa saa nne, angeiambatanisha, na barua ya makosa isingeandikwa. Aliniambia pia, bila kuulizwa, kwamba chuo kikiandika hivyo, anavyofahamu yeye, msimu wangu wa kwanza wa vipimo usingehesabiwa, na huenda hata wa pili.

Nilijua. Nilikuwa nimekwisha kulifikiri hilo kabla yake na kwa undani zaidi.

Kutoka ofisini kwake hadi posta ni mwendo mfupi, na nilitumia asubuhi nzima kuutembea. Nilifika nikakuta foleni ya simu za mbali, nikasimama, na nilipobakiwa na watu wawili mbele yangu nikatoka nje. Nilijiambia kwamba nipange kwanza maneno. Niliyapanga kwenye benchi lililo kivulini, kwa penseli: aya ya kwanza mazingira, aya ya pili kizuizi cha kitaalamu, aya ya tatu uamuzi. Nilipoyasoma niliona kwamba neno "mimi" lilikuwa halijatokea. Nilikuwa nimetenda tena kosa lile lile la daftari, siku mbili baada ya kulitambua. Nikaichana karatasi, nikarudi kwenye foleni.

Aliyekuwa mbele yangu alikuwa mwenye duka mmoja, mtu mzima wa familia ya Kihindi ambaye shangazi alinunua kwake vitambaa tangu nikiwa mdogo. Alinitambua, akaniuliza masomo yanaendeleaje, na kabla sijajibu akaniambia nipite mbele yake, yeye hana haraka, simu yake ni ya kuuliza mzigo tu. Nilimwambia kwamba na mimi sina haraka. Akacheka, akasema hakuna mtu asiye na haraka anayesimama hivyo, nimeshika ukuta.

Nilipita. Karani aliandika namba, akanielekeza kwenye kibanda, nikasubiri huku nikisikia waendeshaji wakiitana kutoka mji hadi mji. Kisha simu ikalia mara nne ofisini kwa msimamizi wangu, na nusu yangu iliomba asiwepo.

Alikuwepo. Nilimwamkia, akaitikia, akasema sauti yangu inakuja na kupotea, nizungumze kwa nguvu. Alikuwa mwanamke asiyependa utangulizi, na kwa mara ya kwanza nilishukuru kwa hilo.

"Profesa," nilisema, "niliandika kwenye pendekezo kwamba sitakata kitu. Nimekata. Nilikata mkuza, halafu nikaukata na ukingo wa msitu, nikiwa nimekatazwa, mlinzi akiwa hayupo. Wapasuaji mbao wamepitia hapo. Miti saba. Sasa mlinzi amesema ni yeye, na kesho saa nne jalada lake linaondoka. Wilaya inahitaji barua ya chuo kabla ya hapo."

Laini ilivuma.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza.

Nikamwambia: bwana misitu, tangu asubuhi ile. Na mlinzi. Na mkewe, na wafyekaji wawili.

"Na wewe ulikuwepo alipotia saini?"

"Nilikuwepo."

Nilimsikia akivuta kiti. Aliniuliza kama ninaelewa kwamba barua anayotakiwa kuiandika itakuwa na saini yake yeye chini ya kosa langu, na kwamba atakayeisoma atauliza alikuwa wapi. Nilisema ninaelewa. Akaniuliza kama ninaelewa kuhusu vipimo. Nilisema ninaelewa hilo pia.

"Basi taja polepole," alisema. "Anza na jina kamili la mlinzi, kama lilivyo kwenye ajira. Lake kwanza, lako nitaliandika baadaye."

Nikamtajia, herufi kwa herufi.